Nani kasema pwani yetu haina vimbunga? Historia fupi kutoka delta ya Rufiji

Leo naomba tuweke pembeni siasa za wiki hii tuzungumze historia kidogo. Ni ndefu, kwa hiyo mwenye chai na avute kikombe.

Mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilipoanza kutoa taarifa za kimbunga Hidaya, kuna sentensi moja nilikuwa naisikia kila kona: "Tanzania hatuna vimbunga bwana, hivyo ni vya Msumbiji na Madagaska." Niliisikia chumba cha habari, nikaisikia kwenye daladala, nikaisikia kwa watu waliosoma kunizidi. Wengine wakaligeuza jina lenyewe kuwa utani. Hidaya kwa Kiswahili chetu ni tunu, ni zawadi, sasa nani akimbie zawadi?

Tarehe 4 Mei zawadi ikatua kisiwani Mafia.

Mafia iko wapi? Iko mbele ya mdomo wa mto Rufiji. Ukisimama Nyamisati, bandari ndogo ya wilaya ya Kibiti, hapo ndipo watu wanapopanda boti kwenda Mafia. Kwa hiyo kilichotua Mafia kilikuwa mlangoni kwa watu wa delta. Nashukuru Mungu kimbunga kilikuwa kimepungua nguvu kilipofika pwani. Hata hivyo, boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimama, na mvua zake zikaikata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika maeneo ya Kilwa, magari yakakwama huku na huku kwa siku kadhaa.

Mimi historia nimeisoma chuo kikuu, na ile sentensi ya "hatuna vimbunga" imekuwa ikinikera tangu siku zile. Hoja yangu leo ni moja tu: pwani yetu ina vimbunga, ila ina kumbukumbu mbovu. Na wanaoilipia kumbukumbu hiyo mbovu ni watu wa mahali kama delta ya Rufiji.

NADRA SI HAKUNA

Tuwe wakweli kwanza. Sentensi ile haikutoka hewani. Kimbunga kinahitaji bahari yenye joto, na kinahitaji pia ule msukumo unaotokana na dunia kujizungusha, ndio unaoupa upepo mwendo wa kuzunguka. Karibu na ikweta msukumo huo ni dhaifu. Ndiyo maana vimbunga vingi vya upande wetu wa Bahari ya Hindi huzaliwa kusini zaidi, vikaelekea Madagaska, Morisi na Msumbiji. Delta ya Rufiji iko kama nyuzi 8 kusini mwa ikweta. Tuko pembezoni mwa njia yao.

Majina yenyewe yanakuonyesha. Kila msimu majina hufuata alfabeti. Msimu ule wa 2023/24 Filipo kilipiga Msumbiji Machi 2024, Gamane kikapiga Madagaska mwezi huohuo, halafu H ikatuangukia sisi. Kilichofuata, Ialy, kikasogea mpaka pwani ya Kenya kabla Mei haijaisha. Viwili mfululizo, katika mwezi mmoja, katika pwani ambayo "haina vimbunga".

Tazameni na tarehe. Msimu wa vimbunga huhesabiwa kuanza Novemba mpaka Aprili. Hidaya kilikuja Mei. Wale wazee wa 1872 na 1952, ambao nitawaeleza sasa hivi, walipigwa Aprili. Yaani vyote vitatu vimekuja mwisho wa msimu, katikati ya masika, wakati kaskazi imeshaondoka na kusi haijashika vizuri, kile kipindi ambacho watu wa bahari wanakiita maleleji. Wenzetu wa nchi za baridi nao wana dhoruba za namna hii: majira ya baridi yanaelekea kuisha, watu wanangoja maua, mara upepo unavuma na kumwaga theluji milimani na kwenye vilima vya chini. Sisi hapa Tanzania theluji yetu iko kileleni Kilimanjaro. Lakini tabia ni ileile. Upepo mbaya unakuja wakati watu wameshajiambia msimu umekwisha.

TUFANI LA 1872

Sasa tuingie kwenye historia yenyewe. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilipiga Unguja. Bandari ilipoteza majahazi, nyumba zilibomoka, na Sultani Barghash bin Said, aliyekuwa na miaka kama miwili tu kwenye kiti, alipoteza meli zake. Baadaye aliagiza meli nyingine kutoka Uskochi, ile Glasgow iliyojengwa 1878, ambayo nayo ilizamishwa na Waingereza mbele ya Mji Mkongwe tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vya chini ya saa moja.

Lakini pigo lililodumu lilikuwa la mikarafuu. Sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja iling'oka. Pemba haikuguswa sana, na kuanzia hapo Pemba ndiyo ikawa shamba kubwa la karafuu mpaka leo. Kila mtoto wa shule anajua karafuu ni Pemba. Ni wangapi wanajua kwamba upepo wa siku moja ulikuwa na mkono wake katika jambo hilo?

Siasa nazo zikaguswa. Mwanzoni mwa 1873 Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kumshinikiza Barghash apige marufuku biashara ya watumwa baharini. Barghash alikataa, na mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba kimbunga kimeshawafilisi watu wake, msiwaongezee hasara nyingine. Haikusaidia. Chini ya tishio la manowari za Kiingereza alitia sahihi tarehe 5 Juni 1873. Sisemi kimbunga ndicho kilichomtia sahihi, maana Waingereza walikuwa wamelikamia jambo hilo kwa miaka mingi. Nasema kilimkuta mezani akiwa hana meli na hana karafuu.

Na hapa ndipo Rufiji inapoingia. Njia ya bahari ilipofungwa, wafanyabiashara hawakuacha. Waliwapitisha watumwa kwa miguu kutoka Kilwa kwenda kaskazini, kandokando ya pwani, na njia hiyo ililazimika kuvuka Rufiji. Mwishoni mwa 1873 Mwingereza mmoja wa ubalozi mdogo wa Zanzibar, Frederic Elton, alipita pande hizo akihesabu misafara aliyokutana nayo. Alihesabu maelfu ya watu. Watu wa delta waliona kwa macho yao mwisho wa habari iliyoanzia kwenye vitabu vya Zanzibar.

MPAKA MILIMANI

Tufani lile halikuishia baharini wala Unguja. Bagamoyo, ng'ambo ya pili, misheni ya Wakatoliki iliharibiwa vibaya. Na huko bara, Henry Morton Stanley alikuwa njiani kurudi pwani baada ya kuonana na Livingstone. Alifika Bagamoyo tarehe 6 Mei 1872. Katika kitabu chake anasimulia jinsi mto Ngerengere ulivyofurika na kuusomba ukuta na nyumba za mji wa Simbamwene, yaani Morogoro ya leo, na jinsi vijiji vya kwenye miteremko ya Uluguru na mabonde ya jirani vilivyoathirika. Mji huo huo alikuwa ameuona mwaka mmoja nyuma ukiwa umesimama imara.

Nimelitaja hili kwa sababu. Sisi tukisikia kimbunga tunawaza mawimbi na mapaa yanayoruka. Lakini kimbunga kinabeba maji. Upepo unachoka haraka ukifika nchi kavu, mawingu yanaendelea mpaka yagonge milima, na hapo yanamwaga yote. Kisha maji yale yanarudi baharini kwa njia ya mito. Anayekaa kwenye mdomo wa mto anapigwa mara mbili: mara ya kwanza na bahari, mara ya pili na mlima asioujua.

Kuhusu 1952 nitasema kwa kifupi. Aprili mwaka huo kimbunga kilipiga kusini mwa Tanganyika, hasa Lindi. Watu walikufa na nyumba nyingi za mji zilianguka. Hidaya kilipokuja, wataalamu wakalazimika kurudi mpaka huko kutafuta mfano. Miaka 72! Mtu aliyezaliwa mwaka wa kimbunga cha Lindi, 2024 alikuwa babu.

KWA NINI DELTA HAIMO

Wadau, mmeona majina ya vimbunga hivi? Cha 1872 kinaitwa cha Zanzibar. Cha 1952 kinaitwa cha Lindi. Kimbunga kinapewa jina la mahali palipokuwa na mtu wa kuandika. Zanzibar kulikuwa na mabalozi. Bagamoyo kulikuwa na mapadri. Lindi kulikuwa na ofisi za serikali ya kikoloni. Delta kulikuwa na wavuvi, wakulima wa mpunga na wakata boriti, na boriti zile zilizokwenda kujengea nyumba za Uarabuni na Ghuba hazikusafiri na shajara.

Delta iliandikwa vizuri mara moja, na hiyo ni kwa sababu Wazungu walikuwa wanatafutana humo. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus pale Zanzibar, kisha ikajificha ndani ya mikono ya Rufiji. Waingereza wakaizingira kwa miezi, mpaka Julai 1915 walipoleta meli mbili za maji mafupi, Severn na Mersey, wakaimaliza. Kwa ajili ya meli moja, tuna vitabu na ramani na picha. Kwa ajili ya watu waliokuwa wakiishi humo siku hizohizo, tuna vipande.

Niliwahi kumwuliza mzee mmoja pale Nyamisati. Nikamwambia, "Shikamoo babu, mwaka gani mliwahi kuona upepo mkubwa?" Akaitikia marahaba, akacheka. Akaniambia miaka haimsaidii kitu. Yeye anakumbuka maji yalifika mti gani, mashua ya nani ilikutwa ndani ya mikoko, na ni msimu gani walikula mbegu. Nikatoka pale nikiwa nimejifunza kwamba kumbukumbu ya delta ipo. Haijaandikwa kwa tarehe, na ofisi zetu zinasoma tarehe.

MAJI YA WATU WENGINE

Ili uielewe delta, lazima upande nayo mpaka juu. Bonde la Rufiji ni kama moja ya tano ya Tanzania Bara. Ruaha Mkuu unaanzia nyanda za juu kusini. Kilombero unakusanya maji ya Udzungwa na Mahenge. Luwegu unatoka kusini. Yote inaishia kwenye uzi mmoja unaopita Utete, kisha unachanua kuwa mikono mingi, Simba Uranga, Kikunya, Msala na mingineyo, katikati ya msitu mkubwa wa mikoko kuliko wote Afrika Mashariki, karibu hekta 50,000. Ndiyo maana mtu wa Rufiji anaweza kupata mafuriko katika siku ya jua kali. Mvua ilinyesha Njombe au Mbeya, yeye anaipokea.

Na yeye hakuwa mjinga kuishi hapo. Mafuriko ya kawaida yalikuwa ndiyo mbolea yake. Maji yakishuka, alipanda mazao ya mlau kwenye udongo ulioachwa na mto: mahindi, kunde na vinginevyo. Alijenga dungu, kibanda kilichoinuliwa kwa nguzo, alinde shamba dhidi ya wanyama na ndege, na maji yakipanda awe juu yake. Hiyo ilikuwa teknolojia, tena ya bei rahisi.

Mwaka 1968 maji yalizidi kiasi. Serikali ya wakati huo ikaendesha Operesheni Rufiji, ikawahamisha watu wa bondeni kwenda vijiji vya ujamaa sehemu za juu. Nia ilikuwa kuwaokoa, na kuwaweka karibu na shule na zahanati. Lakini mashamba yalibaki bondeni. Watu wakawa wanatembea mwendo mrefu, na msimu wa kilimo wakarudi kuishi kwenye madungu yao. Vijiji vilikuwa juu, chakula kilikuwa chini. Kuanzia hapo, neno "hameni" lina ladha yake Rufiji.

Sasa ruka mpaka 2024. Mvua zilizoanza mwishoni mwa 2023, mwaka wa El Niño, hazikukoma. Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zikafunikwa: nyumba, mashamba ya mpunga, barabara. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamefariki nchi nzima kutokana na mvua na mafuriko. Ukazuka mjadala mkali kuhusu bwawa la Julius Nyerere, lile la megawati 2,115, ambalo lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Wapo waliosema maji yaliyofunguliwa bwawani ndiyo yaliyowazamisha, na wahusika wa bwawa wakajibu kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Viongozi wakawahimiza watu wa bondeni wahamie juu.

Siku chache baada ya hapo, taarifa ya Hidaya ikatoka.

Fikiria uko kwenye viatu vya mama mmoja wa Kibiti. Mpunga umeoza. Umehamia kwa ndugu, watu kumi chumba kimoja. Simu yako, kama ina chaji, inakwambia upepo mkali na mawimbi makubwa vinakuja kutoka baharini. Jirani anakwambia usiogope, pwani yetu haina vimbunga. Na mtu wa serikali anakwambia hama, neno lilelile aliloambiwa bibi yako 1968. Utamwamini nani?

Ndiyo maana nasema historia hapa si pambo. Taarifa ya TMA ilikuwa sahihi na ilitoka mapema. Lakini taarifa inamkuta mtu akiwa na hadithi kichwani. Aliyefundishwa kwamba babu zake walipigwa 1872 na 1952 ataisikia taarifa ile kwa sikio jingine kabisa. Na afisa anayejua kwa nini watu walirudi bondeni baada ya 1968 ataacha kuwaita wabishi. Atawauliza kwanza shamba liko wapi.

TUFANYE NINI SASA

Mimi si mtaalamu wa hali ya hewa, ni mwandishi tu, kwa hiyo nitasema ya upande wangu.

Moja, tuandike. Kila kijiji cha delta kina alama za maji na upepo: mbuyu ule, msikiti ule, gati lile. Walimu wa historia wa Kibiti na Rufiji wawatume wanafunzi kwa wazee, waulize maji yalifika wapi, halafu wao waweke mwaka. Wazee hawa hawatangoja miaka mingine 72.

Pili, tuiheshimu mikoko. Mkoko, mkandaa, msinzi na mchu ndio ukuta wa kwanza bahari inaokutana nao, na wavuvi hukimbiza vyombo vyao humo upepo ukichafuka. Eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa lilitambuliwa kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar mwaka 2004. Cheti tunacho. Ukuta wenyewe unakatwa kwa mbao, mkaa na mashamba ya mpunga, na anayekata mara nyingi ni mtu aliyekosa shamba kwingine. Ukimfukuza bila kumpa shamba, tumerudi 1968.

Tatu, sisi wa magazeti. Habari ya Hidaya wengi wetu tuliiandika kutoka Dar es Salaam, tukaikomesha upepo ulipotulia. Kusema kweli delta haikupata kurasa nyingi. Ikiendelea hivyo, mwaka 2096 kijana mwingine atakaa kwenye daladala, asikie kimbunga kinakuja, na abiria wa jirani amwambie pwani yetu haina vimbunga.

Bahari imeshazidi kupata joto. Jobo kilisogea kutoka Ushelisheli mpaka karibu na Dar es Salaam Aprili 2021 kikafia njiani, na watu wakacheka kwamba TMA wanatutisha. Miaka mitatu baadaye Hidaya kikafika. Hayo mapengo yetu ya miaka 80 na 72 nisingeyategemea tena.

Wenye babu, bibi au kumbukumbu za Kibiti, Mafia, Kilwa na Lindi, naomba mshushe hapa. Hata kama hamna mwaka, leteni jina la mti.

Tupo pamoja.